Kiti Kisichoingia Teksi

Jumatatu asubuhi, mbele ya majirani wasiopungua kumi, teksi ilimkataa mke wa Fundi.

Haikuwa teksi ya kawaida. Zile za kawaida zilishamkataa zamani, tena kwa adabu zote: moja ilipunguza mwendo, ikaona kiti cha magurudumu, ikakumbuka kwamba ina haraka, ya pili dereva wake alisema hana tatizo na mama, tatizo lake ni hilo lichuma. Hii ilikuwa teksi maalumu, gari refu jeupe lenye mlango mkubwa nyuma na ubao wa chuma unaoshuka mpaka chini, ili mtu apande akiwa amekaa kwenye kiti chake, bila kubebwa mzobemzobe na watu asiowajua. Kampuni ile ilikuwa na magari matatu tu ya namna hiyo kwa jiji zima, na kuyapata lazima upige simu siku kadhaa kabla. Binti yao alikuwa amepiga Alhamisi.

Dereva, mwanamume mfupi aliyevaa glavu za kazi, alishusha ubao, akamsukuma mama taratibu hadi ukingoni, akasimama. Gurudumu la kushoto lilikuwa juu ya ubao. La kulia lilikuwa hewani. Akamrudisha nyuma, akajaribu tena kwa kukata kona kidogo, mambo yakawa yale yale.

"Mama, ofisini walituandikia kiti chako kina upana wa sentimita arobaini na sita," alisema.

"Ndiyo, arobaini na sita," Fundi alijibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Nimepima mwenyewe."

Mkewe hakubishana. Alifungua pochi, akatoa utepe wake wa njano wa kupimia nguo, akampa binti ncha moja aishike. Walipima ubao: sabini na nne. Wakapima kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu: themanini na sita. Kisha, ili asimwonee mtu, akapima kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine kwa ndani, akapata arobaini na sita kamili. Fundi hakuwa amesema uongo. Kwa miaka ishirini na ushei alikuwa akitengeneza madirisha, milango na mageti, na mtu wa madirisha hupima uwazi. Alipoulizwa kwenye simu upana wa kiti, alipima pale mtu anapokaa, akatulia na roho yake.

"Wewe umezoea kupima nafasi," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimezoea kupima mtu na unene wake wote."

Jirani mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Fundi aliona uso unamchoma, na kama ilivyo tabia yake, aibu ikimpata huwa inatokea upande wa pili ikiwa ushauri. Alimwambia dereva kwamba kosa ni la huo ubao, umetengenezwa mwembamba, lakini si neno. Mashine ya kuchomelea ipo hapo nyuma, bomba lipo, nusu saa tu ataupanua. Dereva alishukuru. Alisema gari si lake, na hata lingekuwa lake, kulikuwa na jambo jingine. Akamwonyesha mikanda minne iliyokuwa sakafuni mwa gari, kila mmoja una kulabu. Kulabu hizo hushika fremu ya kiti mbele na nyuma ili kisitembee gari likikata kona. Alichukua moja akaijaribu kwenye bomba la kiti cha Fundi. Bomba lilikuwa nene kama mkono wa mtu, kulabu ikateleza.

"Siwezi kumbeba mtu ambaye hajafungwa, mzee," alisema. "Sitakuwa nimemtendea haki."

Alipiga simu ofisini. Dada aliyepokea alisema Jumanne magari yote yameshachukuliwa, lakini Jumatano kuna nafasi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dereva akasema ataomba aje yeye mwenyewe, ila kiti wakiangalie. Kisha akapandisha ubao, akaondoka na gari tupu, na majirani wakaanza kukumbuka kazi zao mmoja mmoja.

*

Mke wa Fundi alikuwa mwalimu wa mkato wa nguo katika chuo cha ufundi upande wa pili wa jiji. Mtaani walimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, kwa utani alipokuwa na furaha na kwa heshima alipokuwa na kosa. Tangu miguu yake ikatae kazi alikuwa hajaingia darasani kwa mihula miwili. Mkuu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelishusha darasa lake kutoka ghorofani hadi chini na kuamuru ngazi mbili za mlangoni zizibwe kwa saruji ziwe mteremko. Lakini alimwambia wazi kwamba Jumatano saa mbili asubuhi atatia saini ratiba ya muhula, na jina litakalokuwepo ni la mwalimu aliyepo. Aliyeshikilia nafasi yake alikuwa dada mmoja mdogo kwa umri, mchapakazi, anayefundisha vizuri, na hilo ndilo lililomnyima Mwalimu usingizi.

Siku ile ya Jumatatu walikula chakula cha mchana. Ndipo Fundi alipotoa mpango. Kuna lile gari dogo la mizigo ambalo hukodi kupelekea mageti kwa wateja. Watakiweka kiti nyuma, na Mwalimu juu yake, na yeye mwenyewe atasimama kando akimshikilia.

"Na utanifunga kamba?" Mwalimu aliuliza.

"Kidogo tu, kwa usalama."

"Nifike chuoni nimefungwa kamba nyuma ya gari la mizigo, wanafunzi wangu wakiniona. Baba, mimi si geti."

Binti aliinamia sahani yake. Alikuwa amemaliza shule mwaka ule, anasubiri matokeo, na alishajua kwamba wazazi wake wakianza kuitana baba na mama kwa sauti hiyo ni bora asiwe na maoni.

Fundi akasema basi atamsukuma mwenyewe, wataanza safari mapema. Mwalimu akamuuliza kilomita kumi na moja atazisukuma siku ngapi kwa wiki, na mageti ya watu atayachomelea nani. Akasema dawa ni moja na wote wanaijua: kiti kipunguzwe.

Fundi akakitazama kiti. Kiti kile majirani walikiita Kifaru, na jina lilikuwa limekikaa. Alikiunda kwa siku sita, kwa bomba la geti, magurudumu yametanuka chini ili hata ukikisukuma kwa bega kisilale. Kilipokataa kupita mlango wa nyumba, aliupanua mlango. Hilo kwake lilikuwa jambo la alasiri moja. Kabla ya Kifaru kulikuwa na kiti cha hospitali, chepesi, cha kukunjwa. Wiki ya pili tu gurudumu lake la mbele liliingia kwenye shimo la karibu na duka, likapinda, na Mwalimu akaanguka kifudifudi barabarani. Aliyekuwa ameshika mikono ya kiti nyuma yake alikuwa mumewe. Alikuwa bado anausikia ule mlio wa uso ukigonga barabara, akiwa anakula, akiwa kazini, hata akiwa anacheka na watu.

"Nikikipunguza kitapinduka," alisema hatimaye.

"Umeniundia kiti kisichoanguka, nakushukuru. Lakini tangu nikalie hicho kiti sijafika mbali zaidi ya dukani." Mwalimu alisogeza sahani. "Mimi naogopa kuanguka kama wewe. Ila naogopa zaidi Jumatano ipite niko hapa. Ikipita, nitakuwa mtu wa kukaa dirishani na kuhesabu wapita njia. Hayo ndiyo unayonitakia?"

Fundi alisema hapana, lakini alilisema akiwa ameshasimama, akielekea karakana yake nyuma ya nyumba, na huko hakugusa kitu hadi jua likazama.

*

Jumanne asubuhi alimbeba mkewe kutoka kitini hadi kitandani kama alivyofanya kila alipotaka kupaka magurudumu mafuta. Hakusema kwamba leo si mafuta. Mwalimu naye hakuuliza, ila alimkabidhi ule utepe wa njano na kipande cha karatasi kilichoandikwa "sabini, nje kwa nje", akaipigia mstari mara mbili.

Mwanzoni ilimuuma. Kukata kazi yako mwenyewe ambayo haina ubovu si jambo la mchezo, na alipowasha mashine ya kukatia chuma ilibidi aizime, azunguke kiti mara moja, aiwashe tena. Baada ya mkato wa kwanza mikono ilishika njia yake. Bomba nene alilitoa lote, akaweka jembamba. Magurudumu aliyasimamisha wima, akakishusha kikao karibu na ardhi, kisha nyuma akaongeza vigurudumu viwili vidogo vya kuzuia kiti kisiangukie kisogo. Mwisho alikata nondo vipande vinne, akavikunja duara, akavichomelea kwenye fremu, viwili mbele na viwili nyuma, mahali pa kulabu. Kila pete aliirudia mara tatu. Alining'inia kwa uzito wake wote kwenye mojawapo, miguu hewani, binti akimtazama na kujizuia kucheka.

Saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Alipima: sabini. Lakini utepe haukuweza kumwambia kama kitapinduka. Akafikiri, akavua viatu vya kazi, akaketi mwenyewe kitini, akamwambia binti amsukume hadi kwenye lile shimo la dukani na amwingize humo makusudi.

"Baba, watu watasema nini?"

"Waseme. Nisukume."

Basi mtaa ukamwona Fundi akipita juu ya magurudumu, vumbi la chuma bado liko kwenye nywele, mikono imekamata kiti kama abiria wa mara ya kwanza. Walipofika shimoni binti alifumba macho, akasukuma. Gurudumu la mbele lilizama, kiti kikainama lakini hakikupinduka; binti alipokivuta kutoka kikaegemea nyuma, vigurudumu vidogo vikagusa, kikasimama. Wakarudia. Wakarudia tena kwa ubavu. Fundi alianza kutabasamu.

Wakiwa wanarudi walimkuta mteja mlangoni, bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyeambiwa na rafiki yake kwamba hapa kuna fundi hodari wa mageti. Hakuwahi kumwona Fundi. Alimwangalia yule mtu mchafu kwenye kiti, akainua macho juu ya kichwa chake, akamsalimu binti.

"Pole sana, binti. Ndiye baba, yule fundi?"

"Ndiye," binti alisema.

"Amepatwa na nini?"

Binti akamtazama baba yake ajibu mwenyewe. Fundi akafungua mdomo kueleza kwamba hana kitu, ni majaribio tu, lakini bwana yule alikuwa ameshaendelea, kwa upole mwingi, akizungumza na binti juu ya kichwa chake. Aliuliza kama mzee anasikia vizuri. Aliuliza kama anakula mwenyewe. Kisha akashusha pumzi na kuuliza, kwa hali hiyo, mageti siku hizi anatengeneza nani. Akampiga Fundi begani mara mbili, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto wa watu kwenye basi, akaaga.

Fundi alikuwa bado na miguu yake miwili mizima. Angeweza kusimama. Alishangaa baadaye kwa nini hakusimama. Ni kama mtu alikuwa amemfungia mlango na yeye akaona aibu kuugonga. Alikaa pale mlangoni, moto umempanda kichwani, na jambo moja likamjia na kukataa kuondoka. Alikumbuka siku zote alizomsukuma mkewe. Muuza duka akiuliza, "Mama anataka nini?" na yeye akijibu. Daktari akiuliza, "Anapata maumivu?" na yeye akijibu. Jana tu dereva alikuwa amesema "Mama," akimtazama Mwalimu machoni, na aliyejibu ni nani? Ni yeye, tena alijibu vibaya.

"Baba, umeumia?" binti aliuliza.

"Kidogo," alisema, akasimama. "Kiingize ndani. Kiko sawa."

*

Jumatano saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano gari jeupe lilikata kona. Dereva alikuwa yule yule. Mwalimu alikuwa mlangoni tangu mapema, amevaa gauni lake la kijani la kazini, mkasi wake mkubwa umefungwa kwenye kitambaa na kuwekwa mapajani. Majirani nao walikuwepo, maana habari ya Kifaru kukatwa ilikuwa imeshalala katika kila nyumba.

Ubao ulishuka. Dereva alimuuliza Mwalimu kama yuko tayari, na Fundi akauma ulimi. Mwalimu akasema yuko tayari. Magurudumu yote mawili yakapanda pamoja, pamebaki nafasi ya kidole na nusu kila upande, yakaingia ndani hadi mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanasubiri mikanda.

Dereva alipiga magoti. Alivalisha kulabu ya kwanza kwenye pete ya mbele, akavuta mkanda, akaukaza. Ya pili. Akahamia nyuma. Kisha akakishika kiti kwa mikono miwili akakitikisa kwa nguvu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Gari lilitikisika, kiti hakikuhama. Alipitisha kidole chenye glavu juu ya mchomeleo wa pete moja.

"Viti vya dukani vingekuwa na pete hizi, ningekuwa nalala vizuri," alisema. "Nani amezichomelea?"

"Mume wangu," Mwalimu alisema. "Yule pale anayejifanya haangalii."

Fundi alipanda mbele, kwenye kiti cha anayemsindikiza abiria, akafunga mkanda wake. Alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: atashuka kwanza, atausukuma mlango wa darasa, ataangalia mteremko ule wa saruji kama hauna utelezi, atakaa nje ya darasa mpaka kipindi kiishe, kama kuna lolote yupo.

"Baba," Mwalimu alisema kutoka nyuma.

"Naam."

"Shuka."

Aligeuka. Alimwambia kwamba mteremko ule hajauona, saruji mpya ina mambo yake. Mwalimu akasema atauona yeye. Fundi akasema je, kiti kikikwama. Mwalimu akasema atamwambia mtu amsaidie, mdomo wake haukupooza. Dereva alikuwa amepata jambo la kuangalia kwenye kioo cha pembeni, akaliangalia kwa makini sana.

"Ukifika na mimi," Fundi alisema, akasita. Kilichotaka kutoka hakikuwa kile alichokuwa amekipanga. "Ukifika na mimi, wataniuliza mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi nitawajibu."

"Ndiyo, baba watoto. Najua unavyojibu."

Alifungua mkanda. Alishuka. Alizunguka nyuma, akaziangalia pete zake nne kwa mara ya mwisho, akamrekebishia mkewe ukosi wa gauni ambao haukuwa na kasoro. Alitaka kumwambia awe mwangalifu, akaona kwamba hilo alishalisema kwa miezi mingi. Badala yake alimwambia anampenda, mbele ya dereva na mbele ya majirani, na majirani wakatazama chini, kwa kuwa maneno hayo kwa Fundi hawakuwahi kuyasikia. Mwalimu alicheka, akajifuta jicho kwa kona ya kitambaa cha mkasi.

Mlango ukafungwa. Gari lilipita lile shimo la dukani kwa kulikwepa, likaingia barabara kubwa, likachanganyika na magari mengine yanayowahi kazini.

*

Siku hiyo Fundi alikosea kipimo cha dirisha mara mbili. Kila simu ya binti ilipolia alitoka karakana, kisha akarudi akisingizia kiu. Saa mbili ilipita, saa nne ikapita, hakuna aliyepiga kusema mama yako amefika wala mama yako ameanguka. Binti alitaka kumpigia. Fundi alimkataza, na kumkataza kule kulimgharimu kuliko kazi yote ya Jumanne.

Gari lilirudi saa kumi kasorobo. Mwalimu alishuka kwenye ubao akiwa ameshika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, dereva akimfuata nyuma bila kugusa, kwa kuwa hakuombwa. Walikuwa katikati ya mazungumzo kuhusu suruali: dereva alikuwa anataka kujua kwa nini za dukani zinambana kiunoni, na Mwalimu alikuwa ameshamweleza kosa liko wapi. Kabla ya kuondoka dereva alimkumbusha apige simu ofisini, kwani dada wa pale alikuwa tayari kumwandika moja kwa moja kwa siku zote za muhula. Nauli ilikuwa kubwa, Mwalimu hakuificha, lakini alishapiga hesabu njiani na mshahara ungeibeba na kubakisha.

Uso wake ulikuwa umechoka, na gauni la kijani lilikuwa limejaa nyuzi na alama za chaki. Hilo la chaki Fundi aliliona kabla ya yote. Alimpa kikombe cha maji, akajilazimisha kutouliza mpaka mkewe amemaliza kunywa.

"Mkuu ametia saini?" aliuliza.

"Saa mbili na dakika tano, akiwa amesimama mlangoni kwangu. Yule dada mdogo amepewa darasa la mchana." Mwalimu alimrudishia kikombe. "Halafu mkuu akaniuliza kama kesho nitaweza kufika."

"Ukamwambiaje?"

"Yeye sikumjibu. Niligeuka nikawaambia wanafunzi kesho kila mtu aje na mkasi wake."